Magari manne uani, bibi hakufika kanisani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sakina, Arusha. Kwetu ni Singida, mume wangu ni Mchaga wa Marangu, Kilimanjaro, na sote ni Walutheri, kwa hiyo lile suala la nani amfuate nani kanisani hatukuwa nalo. Tumeoana miaka kumi na moja. Krismasi kumi tumekula Marangu. Moja tu niliikosa, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa wodini nimejifungua.

Mama, nimechoka na Krismasi. Bwana Yesu sijamchoka, ila siku yake nimeichoka kabisa.

Novemba ikiingia tu, kundi la ukoo kwenye simu linafufuka. Mchango wa ng'ombe, mchango wa mbuzi wa ndafu, mchango wa ulezi na ndizi za mbege, ile pombe ya Kichaga, mchango wa kupaka rangi kaburi la babu. Mwaka jana tulitoa 480,000 kabla hatujanunua hata soksi za watoto, na ada ya Januari tukaenda kuikopa kwenye kikoba. Tunaondoka tarehe 22. Tukifika najifunga kanga kiunoni, siifungui mpaka tarehe 27. Namenya ndizi za mtori wa watu thelathini, utomvu unaganda mikononi mpaka nasalimia watu kwa kiwiko. Wake za shemeji zangu wanatoka Dar, na mmoja wao ana kucha za kubandika, kwa hiyo yeye kazi yake ni kuonja chumvi.

Hayo yote ningevumilia kama tungekuwa tunasali. Mwaka jana, tarehe 24 saa sita mchana, kata ya mbege ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Saa nane usiku wanaume bado wako uani na spika inalia. Asubuhi ya 25 nikamwamsha baba watoto, akageukia ukutani. Kaka zake vilevile. Mama mkwe, ambaye ni mjane wa miaka 78 na hasikii vizuri, alikuwa ameoga tangu alfajiri, amevaa gauni lake na viatu vyake vya kanisani, amekaa kwenye benchi barazani na Biblia ndani ya mfuko wa kitambaa. Kanisa liko juu ya kilima na magoti hayamruhusu tena kupanda. Uani kulikuwa na magari manne. Alingoja mpaka kengele ya pili ikalia, akasema, "Basi, watoto wamechoka, wametoka mbali." Akavua viatu, akaenda kumkatia ng'ombe wake majani. Mimi sijui kuendesha gari na nilikuwa na masufuria mawili motoni. Nilikwenda kulia kwenye migomba.

Mwaka juzi tulikwenda kanisani, na ni afadhali tusingekwenda. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka za mazao, shemeji yangu mmoja akanunua jogoo kwa laki mbili, watu vigelegele, akapigwa picha na jogoo wake. Mchango wa dawa za mama mzazi alikuwa hajatoa tangu Agosti.

Mwaka huu mwanangu wa miaka minane amepewa nafasi ya mchungaji wa kondoo kwenye igizo la shule ya Jumapili, hapa usharikani kwetu, jioni ya tarehe 24. Anafanya mazoezi na fimbo ya fagio. Nikamwambia baba yake, safari hii tubaki Arusha. Tusali, nipike wali na kuku kama tulivyokuwa tukila kwetu Singida, tukae kimya na watoto wetu. Akanijibu kwamba mwanamume wa Kichaga asiyepanda nyumbani Krismasi, watu huuliza amefungwa au amefilisika. Kisha akasema nataka kumtenga na mama yake. Ni wiki mbili sasa tunaongea habari za umeme na maziwa tu.

Kazini nako kuna mwenzangu, Mkristo kabisa, ananiambia Krismasi yenyewe haimo kwenye Biblia, kwa hiyo nagombania hewa. Mama, nikatae kwenda? Au niende ninyamaze mwaka mwingine?

Ni mimi, Mama Wawili, Sakina.

*

Marahaba mwanangu, na pole na utomvu. Mimi nimekulia Machame, naujua. Mafuta ya kupikia kwanza, maji baadaye.

Nianze na huyo mwenzako wa kazini ili tumtoe njiani. Ni kweli Biblia haitaji tarehe. Luka anaeleza kuzaliwa kwa Bwana bila mwezi wala siku, na Desemba 25 tunaikuta imeandikwa katika kalenda moja ya Kirumi ya mwaka 354, karne nyingi baada ya tukio lenyewe. Ndugu zetu wa Ethiopia husherehekea Januari 7, na Mwokozi ni yuleyule. Mlimani kwetu sikukuu hii ililetwa na wamisionari, wale Walutheri wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 na Wakatoliki waliotangulia kidogo upande wa Kilema. Sasa mtu akiniambia tarehe ni ya kupangwa na watu, namjibu kwamba hata tarehe ya harusi yake ilipangwa na kamati, na bado akiisahau mkewe hamwelewi. Ila kuna faida moja katika maneno ya mwenzako, nitairudia huko chini: kama saa na siku zilipangwa na watu, basi watu wanaweza kuzisogeza.

Turudi kwako. Mwanangu, usinikasirikie, lakini sehemu kubwa ya barua yako inahusu uchovu na fedha. Umevivisha joho la kanisani ili vikubalike. Uchovu hauhitaji aya ya Biblia ndipo usikilizwe. Kumenyea watu thelathini siku tano ni kazi ya kijakazi, na ungekuwa na haki ya kulalamika hata kama nyumba nzima ingekuwa imekesha kwenye maombi. Ukimwambia mumeo "sitaki kwenda kwa sababu ya imani", wakati mikono yako inasema jambo jingine, atasikia uongo hata kama hajui uko wapi. Nadhani ndiyo maana akarukia kwenye habari ya mama yake.

Na huyo mama ndiye aliyenifanya niisome barua yako mara tatu. Umemleta kama shahidi wa mashtaka dhidi ya wanawe wa kiume, ukampita, ukaenda kwenye jogoo. Mimi sikuweza kumpita. Katika nyumba nzima ile, pamoja na ndafu na spika na watu waliotoka mbali, kulikuwa na mtu mmoja aliyeiweka ibada mbele ya vyote, akaoga alfajiri kwa ajili yake. Akavua viatu bila kumlaumu mtu. Wewe unatafuta nyumba ambayo Kristo yuko katikati ya Krismasi. Hiyo nyumba ilikuwa na mwakilishi wake barazani, kwenye benchi, na alichokosa ni usafiri.

Sasa fikiria mwaka huu umebaki Sakina. Mwanao amecheza vizuri, mmewasha mishumaa, mmekula wali na kuku. Saa nne asubuhi ile, benchi la Marangu lina nani?

Ndiyo maana sikushauri ukatae. Nenda. Ila usiende kama ulivyokwenda miaka kumi.

Kuna jambo kwenye ile habari ya Luka ambalo sisi watu wa mlimani tungepaswa kulisikia kuliko wengine, na sijui kwa nini halihubiriwi zaidi. Yusufu alikuwa fundi wa Nazareti. Amri ya Kaisari Augusto ilipotoka, alifunga safari mpaka Bethlehemu kwa sababu ndiko kwa wazee wake, yeye alikuwa wa mbari ya Daudi. Kwa lugha yetu, alikuwa anapanda nyumbani. Barabara zimejaa, wageni wamejaa, mke ni mjamzito, na huko kwa ukoo hapakuwa na nafasi. Kwa hiyo kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakupingani na Krismasi, maana hata ile ya kwanza ilitokea watu wakiwa wamerudi kwao. Hata hori halihitaji maelezo kwetu. Bibi zetu walilala nyumba moja na ng'ombe, moto katikati, mifugo upande mmoja na watoto upande mwingine. Mzungu inabidi achorewe picha. Mwanao akitaka kujua Bwana alilazwa wapi, bibi yake amwonyeshe banda la ng'ombe wake, na harufu iko palepale.

Basi tupange. Igizo ni jioni ya tarehe 24, hapo Arusha. Mtoto acheze. Usimnyang'anye fimbo yake ya fagio kwa ajili ya kamati ya ndafu. Baada ya igizo mrudi nyumbani, mlale mapema, na saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 25 muwe barabarani. Asubuhi ile malori ni machache. Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi, mnakata kona Himo, saa mbili au saa mbili na nusu mko Marangu. Bibi yuko kwenye benchi. Mnampakia na viatu vyake, mnapanda kilima, kengele ya pili inawakuta ndani.

Umeona kilichotokea hapo? Mwanamume aliyelala Sakina usiku wa tarehe 24 hawezi kuwa amekunywa mbege Marangu usiku wa tarehe 24. Sihitaji kukufundisha kumhubiria. Na akitoka kanisani akakaa na kaka zake na kata ikamfikia, mwache anywe, maadamu hashiki tena usukani siku hiyo. Mbege ilikuwepo mlimani kabla ya kanisa, na nawajua wazee wa kanisa wanaoweza kukuambia kwa kuonja tu kama ulezi ulitosha. Tatizo lenu ni kwamba mbege inapewa usiku mzima halafu Bwana anapewa kichwa kinachouma.

Mumeo atasema lazima awepo siku ya kuchinja, kwa sababu mgawo wa nyama una taratibu zake na asiyekuwepo hunung'unikiwa. Ni hoja ya kweli, usiidharau kwa kuwa wewe ni wa Singida. Mwulize tu: kisu ni chake, au ni cha kaka mkubwa? Kama si chake, atume mchango mapema na apige simu mwenyewe kueleza. Wewe usipige. Habari ya kuchelewa kupanda ikitoka mdomoni mwako, itafika Marangu ikiwa imeota pembe.

Jinsi ya kumwambia ndilo jambo zito, kwa sababu mna wiki mbili za umeme na maziwa. Usimwambie mkiwa njiani, na usimwambie mbele ya watoto. Na usianze na kanisa. Anza na viatu. Mwanangu, nakuuliza: mumeo anaijua habari ile? Alikuwa amegeukia ukutani. Kaka zake nao walikuwa wamelala. Mama yake kwa vyovyote hakusema, akina mama wa rika lile hawasemi. Inawezekana mwaka mzima umembebea hasira kwa jambo ambalo hajui kama lilitokea. Amekutuhumu kwamba unamtenga na mama yake. Basi msimulie ulichokiona barazani asubuhi ile, taratibu, bila kuongeza "ninyi watu". Sema alivyovaa. Sema alivyosema. Kisha nyamaza. Ukishindwa kunyamaza nenda kaoshe vyombo.

Namjua Mchaga. Mama yake akitajwa hivyo, mpango wa alfajiri utautoa yeye. Na akifika kule, kama ana akili, atajua la kufanya. Pembeni ya kila kihamba pameota masale, na mtoto wa Kichaga hafundishwi jani lile linapelekwa kwa nani na kwa sababu gani. Anayeletewa jani hilo la isale huwa hakatai kusamehe. Usimkumbushe. Likitoka kwake litakuwa na uzito mwingine.

Kuhusu jikoni. Ukifika asubuhi ya 25 na kwenda moja kwa moja kanisani, wake za shemeji zako watasema umejifanya mgeni. Watasema, huwezi kuzuia. Jikinge mapema: andika kwenye kundi kwamba tarehe 26 yote ni zamu yako, kifungua kinywa mpaka chakula cha usiku. Siku hiyo ndiyo koo nyingi hufanya kikao, watu ni wengi, hakuna atakayekuambia umetega. Ya tarehe 25 wagawane wao. Halafu pendekeza sehemu ya mchango iwalipe kina mama wawili watatu wa jirani waje kumenya ndizi. Wanajua kumenya kuliko sisi, na Januari wao pia wana ada. Huyo wa kucha atakuunga mkono kabla hujamaliza sentensi.

Sitakuletea Martha na Mariamu. Nina hakika umehubiriwa habari yao kila mara ulipolalamika, na siku zote na mtu aliyekuwa anasubiri chakula.

Fedha: 480,000 huku ada ikikopwa ni nyingi, kaeni wawili mwandike kiwango chenu kabla Novemba haijaingia na kundi halijafufuka, mkizidishiwa mjibu kwamba hicho ndicho kilichopo. Sina zaidi ya hapo. Ukoo huwa unanung'unika mwaka wa kwanza, wa pili unazoea.

Jogoo wa laki mbili amenichekesha, na pia amenikera. Lakini nisikilize kidogo upande wa pili. Minada ile ina historia ya heshima. Mjane asiye na shilingi analeta mayai sita, mwingine mkungu wa ndizi, mwenye fedha ananunua, na sadaka ya yule maskini inageuka bati la kanisa. Makanisa mengi ya mlimani yameezekwa hivyo. Ubaya unaingia pale jogoo anaponunuliwa ili mnunuzi aonekane. Huwezi kumrekebisha shemeji yako, na ukijaribu utapata adui wa maisha. Ila mumeo anaweza kusimama kwenye kikao cha tarehe 26 akasema, kabla ya habari ya rangi ya kaburi, tuanze na dawa za mama, kila mmoja atoe kwa mwezi kiasi gani. Baba yao aliyelala pale atangoja rangi. Hana haraka.

Na sasa lile la tarehe nililokuahidi. Unasikitika kwamba Krismasi imejaa kelele, huna nafasi ya kukaa na Mungu wako. Mwanangu, umeishi kama vile sikukuu ina siku mbili, 25 na 26, zile za serikali. Kanisa letu limekupa nyingi kuliko hizo. Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, yana Jumapili nne, ya kwanza huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, na zote nne uko Arusha, nyumbani kwako, huna ndizi ya kumenya. Washa mshumaa mmoja wiki ya kwanza, miwili ya pili, soma na watoto mlango mmoja, imba ubeti unaoujua. Umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi. Na Krismasi yenyewe haifungwi mnaposhuka Himo tarehe 27. Inaendelea mpaka Epifania, Januari 6. Hapo katikati una siku nzima nzima za ukimya Sakina. Pika wali wako wa Singida tarehe 30. Vaa nguo mpya. Waambie watoto kwamba kwenu ilikuwa hivi: kanisa kwanza, kisha kuku. Watoto wako ni Wachaga, lakini ni Wanyaturu au vyovyote ulivyo wewe vilevile, na nimeona katika barua yako hilo nalo linakuuma kidogo ingawa hukuliandika.

Jambo la mwisho ni la leo, lisingoje Desemba. Mpigie mama mkwe wako. Usimweleze mgogoro wowote. Mwambie mjukuu wake atakuwa mchungaji wa kondoo, na kwamba tarehe 25 asubuhi mtampitia kwenda kanisani, kwa hiyo akae tayari. Kisha mwulize kama mtoto akifika anaweza kumrudia bibi yake yale maneno ya igizo, kule bandani, kwa ng'ombe. Umesema hasikii vizuri. Paza sauti.